Nyongeza ya Kijakazi

Watu wa Umoja walipofika Moa mara ya kwanza, wifi yangu Kijakazi hakuinua hata kichwa. Alikuwa ameketi kibarazani kwangu, miguu kainyoosha, ukili umemlalia mapajani, vidole vinakwenda vyenyewe. Ukili, kwa asiyeujua, ni ule utepe mrefu wa ukindu tunaousuka kwanza. Ukishatimia pima ishirini na mbili unaukata vipande, unavishona ubavu kwa ubavu, ndipo unapata mkeka. Kijakazi alianza kusuka kabla hajajua kufunga kanga vizuri, na mpaka siku ile ya mwaka elfu mbili sijaona mkono uliokaza kama wake.

"Sisi tunatoka UKUBIMTA," akasema kijana aliyewatangulia wenzake.

"Yarhamukallah," Kijakazi akamwitikia, kama anavyoitikiwa mtu aliyepiga chafya.

Tukacheka wote, mpaka Tuhfa, mwenyekiti wa kikundi chetu, akatukata jicho. Tuhfa ni mtu wa Pemba aliyeolewa kwetu, na mgeni kwake ni mgeni, hata akija na jina la chafya. Akamvutia kijana kigoda. Kijana akasema anaitwa Asheri, Mshambaa aliyekulia Maramba. Alikuwa na umri kama wa miaka thelathini, shati jeupe, suruali ina vumbi mpaka magotini.

"Ni Umoja wa Kukuza Biashara ya Mtandao, mama zangu," akasema. "Wenye maduka makubwa wamo, wenye mabenki wamo, wenye kompyuta wamo. Tunazunguka miji yote. Tunataka mtu aliye Ulaya auone mkeka wa Moa kwenye kioo cha kompyuta, aupende, aagize, alipe, usafiri umfikie. Yeye hajatoka kwake, na nyinyi hamjatoka kwenu."

"Na duka lenyewe liko wapi?" Kijakazi akauliza, macho kwenye ukili.

"Liko kwenye mtandao, bibi."

"Lina mlango?"

"Halina."

"Basi mwizi anapitia wapi?"

Asheri akakuna kichwa. "Hata huko wapo, bibi. Bado tunatafuta wanapitia wapi."

Kwa jibu hilo Kijakazi akampenda. Akainua kichwa, akamtazama vizuri, akasema, "Haya, kaa. Mkweli hafukuzwi kwangu." Kibaraza kilikuwa changu, lakini ndivyo alivyokuwa.

Tulikubali haraka, na sababu ipo. Miaka ya nyuma mikeka yetu ilikuwa ikichukuliwa mpaka Mombasa. Kisha milango ya nchi ikafunguliwa, kila kitu ruksa, ikaja mikeka ya plastiki ina maua mekundu, inafuliwa kwa maji, bei yake haifiki nusu ya yetu. Mume wangu Uweso, kaka yake Kijakazi, alikuwa mtu wa mkonge. Shamba lao likafungwa, akarudi nyumbani na jembe moja na kikohozi, na hakukaa sana. Tukabaki mimi na wifi yangu, mjane na mtalaka, kila mmoja na nyumba yake, ila mchana wote tunakaa kibaraza kimoja. Mikeka ilikuwa imejaa darini. Binti akiolewa, mama yake anakwenda kumnunulia wa plastiki, na anapita mbele yetu ameukumbatia.

Kwa hiyo Asheri alipotoa kamera yake tuliishusha yote. Akapiga picha, lakini mkeka aliouchagua ukae mbele ya mingine ulikuwa wa Kijakazi, wa zambarau na kijani.

"Huu ndio uso wa duka," akasema.

"Umesikia, wifi?" Kijakazi akanipiga kiwiko. "Mimi ni uso. Wewe utakuwa kisigino."

Ilipita miezi minne hatujasikia kitu. Tukaanza kuamini kuwa picha zetu zimepotea humo kiooni. Mwezi wa tano Asheri akaja anakimbia kutoka barabarani, karatasi mkononi. Duka moja la vyombo vya nyumbani la Uholanzi limeagiza mikeka kumi na miwili, yote ya zambarau na kijani, yote kipimo kimoja, iwe Tanga mjini baada ya siku arobaini na tano. Ilikuwa oda ya kwanza kabisa kupatikana upande wetu huu wa pwani kwa njia ya Umoja. Sisi wanawake tulikuwa kumi na wawili. Kila mtu mkeka wake.

Kijakazi akaichukua ile karatasi akaitazama muda mrefu, ingawa hakujua kusoma.

"Kwa hiyo ukili wangu utapanda ndege," akasema.

"Utapanda, bibi."

"Mwenyewe safari yangu ndefu ni Bombo, hospitalini Tanga, nilipokwenda kupasuliwa."

Siku ya ishirini ya kazi hiyo kifua kikambana Kijakazi. Aliwahi kuumwa kifua, kikapona, kwa hiyo hatukuogopa. Safari hii hakikupona. Alikataa kupelekwa Bombo tena, akasema Bombo anaijua. Akalala chumbani kwake na ukili kando ya mto, akipata nafuu anasuka dhiraa moja, akichoka anauweka.

Asubuhi moja nilikwenda kumnywesha uji. Akanishika mkono.

"Wifi, nikifa usije ukanipeleka pale msikitini nikatandikwa mlangoni, yule Mselem asiyenawa akanipangusia miguu yake."

"Hufi leo. Kunywa uji."

"Nakwambia. Wangu na uende. Ukili wangu upande ndege. Nimekwishaahidiwa."

"Na uji nao upande ndege?"

Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, nikamwinua nikamkalisha. Hatukulizungumza tena. Baada ya siku mbili, kabla ya adhuhuri, akafariki. Mungu amrehemu.

Hapa lazima nieleze ada yetu, maana mambo yote yaliyofuata yanatoka hapo. Kwetu, mwanamke akifa na ukili mkononi, ukili ule haukatwi wala hauuzwi. Jamaa yake wa karibu wa kike anaumalizia, anaushona, mkeka unapelekwa msikitini. Kila paji la uso litakaloshuka juu yake, thawabu inamfikia aliyesuka. Mama mkwe wangu, mama yao Uweso na Kijakazi, alikufa miaka ile ya dhiki, bafta hakuna madukani, sanda yake tuliipata kwa kibali na ilikuwa fupi. Kijakazi alilia kwa ile sanda fupi kuliko alivyolia kwa kifo chenyewe. Kisha akakaa akamalizia ukili wa mama yake siku tisa mfululizo, akaupeleka msikitini, akasema, "Sanda ilipunguka, hapa hapatapunguka."

Kijakazi mwenyewe hakuwa na binti. Jamaa yake wa kike ni mimi.

Tulipotoka matangani niliufungua ukili wake nikaupima. Pima kumi na nne. Zimebaki nane. Nikakaa nao kibarazani peke yangu, na sikujua niumalizie uende wapi. Ada inasema msikitini. Mwenyewe kasema ndege. Lakini alisema kwa utani, na sisi mawifi maisha yetu yote tulikuwa hatusemezani ila kwa utani. Alipotaka chumvi aliitaka kwa matusi. Nitajuaje kuwa lile la mwisho halikuwa wasia?

Nikamwendea Maalim Rahimu, anayetusalisha. Alinisikiliza mpaka mwisho, tasbihi imesimama mkononi.

"Bi Hafsa, wifi yako alinitania mimi nikiwa juu ya mimbari," akasema. "Wasia wake siwezi kuupima kama ni utani au kweli. Wewe ndiye uliyemjua. Mimi nitakwambia moja tu ninalolijua. Ukiwa sadaka, hauna bei. Uende msikiti wa hapa, uende wa China, ni mamoja. Ukiutia bei, umeuza, na thawabu yake imekatika hapo."

Nikarudi na neno hilo moja. Uende, lakini usiuzwe.

Kwa Tuhfa halikuingia. Alinikuta nasuka zile pima nane, akasimama mbele yangu mikono kiunoni.

"Da Hafsa, oda ni mikeka kumi na miwili. Kumi na mmoja ipo. Wa kumi na mbili ndio huo ulionao. Ushone, tupeleke, fungu la marehemu tulitolee sadaka. Tatizo liko wapi?"

"Tatizo ni bei, Tuhfa."

"Bei gani? Wote bei moja!"

"Ndiyo tatizo lenyewe."

Akapumua kwa nguvu. "Wewe utatuua na subira yako. Watu tumeshapata mlango mmoja tu, na hata huo hauna mlango."

Nikapanda gari asubuhi nikaenda Tanga mjini, ofisini kwa Asheri. Kilikuwa chumba kimoja ghorofani, sakafu ya vigae, kompyuta mbili zimefunikwa vitambaa vya kufuma kama redio za zamani. Alinipa pole ya msiba, akasimama hadi nilipokaa. Nikamweleza. Akafunua moja ya kompyuta, akaiwasha, tukangoja muda wa kutosha kuchemsha chai, mpaka ile mikeka yetu ikatokea kiooni. Na wa mbele ulikuwa ule wa Kijakazi. Nilikuwa sijajiandaa. Nikafuta macho kwa ncha ya ukaya wangu, na Asheri akajifanya anatafuta kalamu.

"Haya bibi. Unataka mkeka huu mmoja uandikwe hauna bei."

"Uandikwe sadaka."

Akabonyeza, akabonyeza. Maandishi mekundu yakatokea.

"Imekataa. Haikubali sifuri."

"Andika neno lenyewe. Sadaka."

"Hakuna nafasi ya neno, bibi. Pana nafasi ya jina la bidhaa, urefu, upana, uzito, na bei. Pasipojazwa bei haiendi mbele."

"Walioitengeneza hawajawahi kutoa kitu?"

Akageuka akatazama mlango. Kisha akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa mashine imsikie, "Tunaweza kuandika senti moja. Ni sawa na bure."

"Mwanangu, ukiuza kwa senti moja umeuza. Umeuza vibaya tu."

Dirishani sauti za soko zilikuwa zinapanda. Nikakumbuka kuwa nilitakiwa kununua dagaa kabla ya kurudi, na katika kuwaza dagaa ndipo lilipokuja lile wazo, na mpaka leo sijui kama lilikuwa jema.

"Asheri, mama yako Maramba alikuwa anauza nini?"

"Maharage. Kwa kopo."

"Kopo likishajaa na bei imeshakubaliwa, anafanya nini?"

"Anaongeza kiganja kimoja juu." Akatabasamu. "Asipoongeza hawarudi."

"Kile kiganja kina bei?"

"Hakina. Ni nyongeza."

"Kinaandikwa mahali?"

Hapo akaelewa nilikokuwa nakwenda. Akaegemea kiti. "Bibi, karatasi zinasema kumi na miwili."

"Na watapata kumi na miwili, kamili, yenye bei. Wa Kijakazi utakuwa wa kumi na tatu. Ni nyongeza. Umeona wapi nyongeza inaandikwa?"

Alicheka, akatikisa kichwa, akacheka tena. Naye alikuwa mtoto wa sokoni. Makosa tuliyafanya wawili, ingawa yeye alilipia zaidi.

Sasa ulihitajika mkeka mwingine, na siku zilikuwa zimebaki kumi na tatu. Mtu mmoja anasuka mwezi mzima. Niliwaomba wanawake, kila mmoja asuke pima mbili. Tuhfa alisonya, lakini ndiye aliyechovya rangi ukindu wote kwa mikono yake, hata kucha zikabaki zambarau wiki nzima. Wengine walikuja kwangu, wengine walisuka kwao wakituma vipande. Mkeka ule wa mikono kumi na mmoja haukuwa mzuri sana. Mahali umekaza, mahali umelegea. Lakini kipimo kilitimia, na ukaingia katika kumi na miwili.

Wa Kijakazi niliushona mwisho, peke yangu. Pima zake kumi na nne zilikaa upande mmoja, zangu nane upande wa pili, na kila mwenye macho aliweza kuona mkono wake ulipoishia. Niliuviringisha ndani ya kitambaa cheupe, nikatia karatasi niliyoiandika mwenyewe: *Huu hauna bei. Ni wa Kijakazi binti Bakar. Tunaomba upelekwe watu wanaposali.* Asheri akaandika chini yake kwa Kiingereza. Ukaondoka pamoja na wenzake siku ya arobaini na nne.

Wiki tano baadaye Asheri akaja. Safari hii hakukimbia. Alitusalimu mmoja mmoja, akakataa chai, nikajua.

Mikeka kumi na miwili imefika na imepokewa, akasema. Fedha zitakuja. Lakini kifurushi cha kumi na tatu kimezuiwa uwanja wa ndege kule kule, hakimo kwenye karatasi. Wameuliza thamani yake. Yeye akaandika kuwa hakina, ni zawadi ya marehemu. Wakajibu kuwa kitu kisicho na thamani hawana namna ya kukiingiza. Ama kiandikwe bei, ama kirudishwe kwa gharama ya aliyekileta. Siku thelathini zikipita bila jibu, kinachomwa moto.

Niliuweka chini ukili niliokuwa nao.

"Zimebaki siku ngapi?" Tuhfa akauliza.

"Kumi na moja."

"Na bei ikiandikwa?"

"Hata dola tano, utapita siku hiyo hiyo. Mwenye duka atauchukua, ataupanga na wenzake. Neno moja tu, mama zangu, na mambo yameisha."

"Ukirudishwa?"

Asheri akatazama mikono yake. "Umoja utalipa, maana ni kosa langu mimi, ofisa wao. Lakini wamesema kikundi kilichopeleka kitu nje ya oda kitatolewa dukani. Picha zitaondolewa."

Basi Tuhfa akanigeukia. Alikuwa analia, na mimi sikuwahi kumwona Tuhfa akilia hata alipozika mwanawe.

"Da Hafsa. Mwambie aandike. Wakichelewa kuurudisha, utamchoma Kijakazi? Utamchoma moto, nchi ya watu, kwa ajili ya dola tano?"

Wengine wote walinitazama. Pamoja na Tuhfa walikuwa wanawake kumi. Wana watoto, na darini mikeka bado imejaa, na hatimaye palikuwa na mtu mbali huko aliyeitaka. Neno langu moja lingewabakizia mlango wao. Na ukili ungeokoka. Ungetandikwa katika nyumba nzuri, labda, au ungetundikwa ukutani, watu wausifu. Nilijiuliza Kijakazi mwenyewe angesema nini, na nilichosikia kichwani ni kicheko chake tu, na kicheko hakikunisaidia. Alitaka upande ndege. Umepanda. Hilo limekwisha. Lililobaki ni lile alilomfanyia mama yake kwa siku tisa, akasema hapatapunguka.

"Naomba mnisamehe," nikawaambia. "Siwezi kumuuza. Asheri, waambie urudi."

"Bibi, una hakika?"

"Sina. Waambie urudi."

Tuhfa akanyanyuka, akajifunga kanga yake, akaondoka bila kuaga. Mmoja mmoja wengine wakamfuata. Hawakunitukana. Afadhali wangenitukana.

Fedha za ile mikeka kumi na miwili zikaja, zikagawanywa, na fungu la Kijakazi likatoka sadaka kama Tuhfa alivyosema mwanzo. Baada ya hapo hakukuja kitu kingine. Picha zetu zikaondolewa. Mwaka uliofuata nikasikia hata Umoja wenyewe umefunga ofisi ya Tanga, wafadhili wamekwenda kwingine, na Asheri amerudi Maramba. Kibaraza changu kilinyamaza. Wanawake walikuwa wakisuka kwa Tuhfa sasa, na nikipita wananisalimu vizuri, shikamoo nazipata zote, lakini mazungumzo yanasimama mpaka nipite. Sikuwalaumu. Nilisuka peke yangu. Kila basi au gari lililosimama barabarani nililitazama, kisha nikarudi kwenye ukili. Hata jibu kuwa umerudishwa au umechomwa sikupata. Barua niliyoandika kwa Umoja huko Dar es Salaam haikujibiwa. Miezi ikawa minne, ikawa saba. Nilikuwa nikiswali namwombea Kijakazi, na kila nikisujudu nauona moto.

Mwezi wa kumi tangu siku ile niliposema urudi, mtu akabisha hodi mchana. Alikuwa Asheri. Amekonda, shati si jeupe tena, na begani amebeba kitu kirefu kilichofungwa nailoni ngumu ya kigeni, kimebandikwa vibandiko vya kila rangi.

"Shikamoo bibi."

Nikamwonyesha mahali pa kukiweka.

"Ulikuwa stoo Dar es Salaam," akasema. "Walikuwa hawajui wampe nani. Mwenzangu aliyebaki kule aliona jina la Moa akanipigia simu Maramba, kwenye duka la jirani. Nikaufuata."

"Kwa nauli ya nani?"

"Bibi, tafadhali." Akainama akaanza kuikata ile nailoni kwa kisu changu cha ukindu.

Kitambaa cheupe kilikuwa kimechafuka, kimefunguliwa na kufungwa tena na mikono isiyojua kufunga. Karatasi yangu ilikuwamo bado. Na mkeka ulikuwa mzima. Rangi haikupauka. Ila kibandiko kimoja kilikuwa kimeganda kwenye pindo lenyewe, upande wa Kijakazi, kina mistari myeusi na picha ndogo ya ndege. Nilijaribu kukibandua kikaanza kung'oa na ukindu. Nikakiacha.

Tukaupeleka msikitini kabla ya alasiri. Maalim Rahimu aliupokea mlangoni kwa mikono miwili. Nilimwambia jambo moja tu, usikae mlangoni.

"Kwa nini?"

"Mselem."

Maalim akauma mdomo asicheke mahali pale. Ukatandikwa upande wa wanawake, safu ya mbele, pembeni ya dirisha.

Alasiri ilipoadhiniwa nilikuwa nimekaa nyuma, nautazama, sijathubutu kuukanyaga. Wanawake wakaanza kuingia. Habari ilikuwa imeshawafikia, maana hapa kwetu habari hazihitaji kompyuta. Tuhfa aliingia wa mwisho. Akasimama juu ya mkeka, akatazama chini, akakiona kile kibandiko. Akachutama akakigusa kwa kidole.

"Ulifika wapi?" akaniuliza. Lilikuwa neno lake la kwanza kwangu kwa miezi yote hiyo.

"Stoo ya uwanja wa ndege. Hawakuutoa nje."

"Kwa hiyo Ulaya hakuiona."

"Hakuiona."

Akafikiri. Akapitisha kiganja pale pima kumi na nne zilipokutana na nane, akarudia mara mbili.

"Lakini ndege aliiona," Tuhfa akasema.

Akasogea kidogo kulia, kunipa nafasi. Nikainuka kule nyuma nikaja nikasimama pembeni yake, bega kwa bega, na iqama ya kuanza sala ikasomwa. Tuliposujudu paji langu lilishukia upande wa Kijakazi, si wangu. Ukindu ulikuwa umekaza kama alivyokuwa akiukaza siku zote, ukaniacha na alama kwenye ngozi.